Kichwa cha Samaki wa Mahagi-Port

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jeanine alichota maji, akafagia ua, kisha akamsaidia shangazi yake Adèle kupanga samaki wa moshi ndani ya beseni. Shangazi aliuza samaki katika soko la Bunia. Beseni likishajaa, Jeanine alinawa mikono, akavaa sare yake ya bluu na nyeupe, akaondoka.

Kazi hizo alizifanya vizuri, bila kunung'unika na bila kufurahi. Ukimtania, alikutazama tu. Ukimpa embe, alikula. Majirani walimsifu kuwa ni mtoto mtulivu, lakini majirani nao husifu hata wasichokijua. Jeanine hakuwa mtulivu. Alikuwa amekufa ganzi moyoni.

Mama yake alifariki zamani. Baba yake, Firmin, alikuwa mvuvi wa Mahagi-Port. Mwaka mmoja uliopita aliingia Ziwa Albert alfajiri, dhoruba ikavuma, na wala yeye wala mtumbwi wake hawakurudi. Shangazi Adèle alimfuata Jeanine, akamleta Bunia. Tangu siku hiyo msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuwa amelia hata mara moja.

Nyumbani kwao kulikuwa na desturi. Kichwa cha samaki hakiliwi ovyo. Ni cha mgeni. Kama hakuna mgeni, huwekewa yule aliye ziwani, ili akirudi akikute. Kwa hiyo kila walipokula samaki, shangazi alitenga kichwa kwenye sahani, akakifunika kwa sahani nyingine. Kesho yake kilimwendea paka wa jirani, ambaye mwaka huo alinenepa sana. Jeanine aliyaona yote hayo na moyoni hakuhisi chochote.

Jumatatu moja Mwalimu Néhémie wa darasa la sita aliandika ubaoni: "Mgeni akija kwenu, utamwonyesha nini? Utamlisha nini?"

"Kila mmoja ataeleza mahali alipozaliwa," alisema. "Wanne watakaoeleza vizuri watasimama mbele ya wazazi Jumamosi, na wataleta chakula cha kwao tuonje."

Rachidi, ambaye baba yake alichimba dhahabu huko Bambu, alianza kuandika papo hapo. Jeanine alishika kalamu mpaka kengele ikalia. Alipojaribu kuliwaza ziwa, aliona kama ukuta tu.

Mchana ule, akimfungia mteja samaki kwenye meza ya shangazi sokoni, macho yake yaliangukia karatasi aliyoishika. Shangazi alinunua magazeti ya zamani kwa ajili ya kufungia. Ukurasa huo ulieleza kwa Kifaransa mji fulani wa pwani, nchi ya Ufilipino: mambo ya kutazama na vyakula vyake vitamu. Jeanine akaukunja, akautia mfukoni. Jioni aliutafsiri. Palipoandikwa bahari, akaandika ziwa. Palipoandikwa Ufilipino, akaandika Ituri, mkoa wao. Mengine akayaacha yalivyo.

"Mahagi-Port ina mchanga mweupe kama unga wa muhogo," alisoma kesho yake, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Wageni huogelea pamoja na samaki mkubwa kama lori. Chakula chetu maarufu ni keki ya mchele na nazi, iliyofungwa ndani ya jani la mgomba."

Darasa zima liliduwaa.

"Ile samaki hailume batu?" Rachidi aliuliza.

"Hapana. Ni mupole."

Mwalimu Néhémie alikuwa mtu wa Irumu na hakuwa amewahi kufika Mahagi-Port. Alilitia jina la Jeanine juu kabisa ya orodha.

Jumatano mchana shangazi Adèle alirudi kutoka sokoni mapema kuliko kawaida.

"Jeanine, kuya hapa. Mwalimu yako alipita ku meza yangu. Anasema siku ya posho, ile Jumamosi, nipike keki ya muchele na nazi, chakula ya kwetu. Nazi! Mimi nilizaliwa kule, nazi ya kwanza niliona hapa Bunia, mu mikono ya muchuuzi. Na ile samaki kubwa kama camion, baba yako aliivua siku gani?"

"Nilikopia, tante. Mu karatasi ya kufungia samaki."

Shangazi alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Kisha kicheko kikakatika. "Juu ya nini? Uko na haya ya kwetu?"

"Hapana. Hakuna haya. Hakuna kitu." Jeanine alitazama vidole vyake vya miguu. "Nikiwaza kule, sioni kitu. Hata sura ya baba siioni muzuri."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chenyewe. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba ziwa lilimchukua baba mara ya kwanza, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akimpoteza mara ya pili.

Shangazi alipangusa macho kwa kitenge. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako imeishia mu beseni yangu. Kesho utamwambia mwalimu, mbele ya bale balikusikia. Kisha tutapika chakula ya kweli."

Alhamisi Jeanine alisimama mbele ya darasa akasema alivyofanya. Wengine walicheka. Rachidi alikasirika: "Nilishaambia baba yangu juu ya ile samaki!"

Mwalimu Néhémie alifuta jina lake kwenye orodha. "Umetudanganya, na nafasi hiyo imekwenda," alisema. "Lakini umesema mwenyewe. Jumamosi ukija na sentensi tatu za kweli, nitakuweka wa mwisho."

Ijumaa baada ya shule, shangazi aliloweka samaki wa moshi katika maji ya moto, akakaanga karanga, akaanza kuzisaga kwenye jiwe. Jeanine alipewa samaki awatoe miiba. Alishika wa kwanza, akamgeuza, akaanza kupasua.

Jiwe likasimama. "Nani alikufundisha kuanzia ku mukia?"

"Baba," alisema Jeanine, na neno lenyewe likamshtua. "Alisemaka ukianzia ku kichwa, miiba inajificha."

Shangazi aliendelea kusaga. Samaki wa pili, Jeanine akakumbuka kidole gumba cha baba kilichokuwa na kovu la kamba. Samaki wa tatu, akakumbuka jinsi alivyopiga mluzi akikaribia ufuo. Alikwenda kutafuta kalamu kabla hata ya kunawa.

Jumamosi alisimama wa mwisho. "Mahagi-Port haina mchanga mweupe," alisema. "Asubuhi mitumbwi inafika na wanawake wanagombania samaki mpaka maji yanawafika magotini. Dagaa wakianikwa juani, ufuo mzima unang'aa. Baba yangu Firmin alikuwa mvuvi kule, na alipiga mluzi akirudi."

Zilikuwa nyingi kuliko tatu. Hakuna aliyezihesabu.

Shangazi akafunua sufuria: samaki wa moshi katika mchuzi wa karanga na pilipili. Kwa mazoea alitenga kichwa, akanyoosha mkono kuchukua sahani ya kufunikia. Jeanine akamshika mkono.

"Tante, baba haiko tena mu ziwa. Mugeni iko hapa."

Alikibeba kichwa kile mpaka kwa Rachidi. "Hii ni ya mugeni. Na unisamehe, ile samaki kubwa kama lori haiko."

Rachidi alitia kipande kinywani bila kuuliza. Pilipili ikamkamata, macho yakamjaa machozi, darasa likapasuka kwa kicheko. Jeanine naye akacheka, kisha akalia, akalia sana, na machozi yake hayakuwa ya pilipili.

Mwalimu Néhémie aliwaacha mpaka wakatulia. "Watoto," alisema, "keki ya watu ilitushangaza tu. Samaki wa Jeanine ametulisha. Ukiazima sifa za kwingine, hata ziwe tamu namna gani, kwenu kunabaki bila msemaji. Sema unachokijua, hata kama ni kidogo, hata kama kinauma. Mcheza kwao hutunzwa."

Shangazi Adèle alichukua ile sahani ya kufunikia, akaipangusa kwa kitenge, akampakulia Jeanine bugali.