Ukindu wa Mkeka wa Asmahani

Kila asubuhi, Saleha wa Tongoni alifagia uwanja, akateka maji, kisha akakaa na mama yake, Bi Mastura, kusuka ukili, ile mikanda ya kushona mkeka. Ilikuwa miaka ile ya mkoloni, na ole wake bibi harusi aliyekosa mkeka wa ukindu. Angesemwa mji mzima! Harusi ya dada yake, Asmahani, ilikuwa imekaribia, na mkeka haujafika hata nusu.

"Nenda bondeni na Chiku mkakate ukindu," mama alisema. "Chukua kuti changa lililokwisha kuchomoza. Kiini usikiguse!"

"Hewala, mama."

Bondeni maji yaliwafika vifundoni. Chiku, binti wa jirani, alichagua makuti kwa subira. Saleha, lo! Yeye alitaka kumaliza kwanza. Alishusha panga katikati ya kila mkindu, akatoa makuti pamoja na kiini chake cheupe.

"Wewe Chiku, leo utalala huku!" alimcheka.

Alirudi na mzigo mkubwa, akajisifu njia nzima. Lakini ulipoanikwa juani, ukindu ule mchanga mno ulijikunja. Bi Mastura alipousuka, ukakatika vipande vipande.

"Nani kakata hivi?"

Jina la Chiku lilimfika Saleha ulimini. Akamwona Asmahani ameshika ukili uliokatika, machozi yakimlengalenga, naye akaona aibu kubwa.

"Ni mimi, mama. Nimekata viini."

"Masikini mikindu yetu! Shina lililokatwa kiini halitoi kuti tena."

Kesho yake walirudi bondeni wote. Bi Mastura alimwonyesha machipukizi yaliyosongamana mashinani. Saleha aliyang'oa baadhi pamoja na mizizi, akayapanda kwenye tope palipokuwa wazi, jasho likimtiririka. Chiku alimsaidia kukata makuti yanayofaa, lakini utani hakuuacha.

"Haya, leo nani atalala huku?"

Mkeka ulikamilika harusi ikibisha hodi. Asmahani aliukalia, akacheka kwa furaha. Mama akamvuta Saleha kando.

"Ulisema kweli mapema, ndiyo maana tukawahi kutengeneza. Lakini shika hili, mwanangu: bonde lile ni la wanawake wote wa Tongoni. Kata kuti, acha kiini. Na yale machipukizi uyatunze vizuri, maana ndiyo yatakayotoa ukindu wa mkeka wako wewe."