Pale Pembeni Pamekauka

Ndani ya gari siku ile walikuwamo watatu: dereva, mkewe, na dada yake dereva, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mtoto hakuwamo. Alikuwa bado ananyonya, wakamwacha nyumbani na mama mkwe. Wa nne alikuwapo pia, lakini huyo hakupanda gari.

Walikuwa wametoka kupeleka mashuka kambini, kule mlimani wageni wanakolala kwenye mahema. Mke ndiye aliyeyafua, Chiriku akayapiga pasi, dereva akayapakia kwenye gari la kambi, lile refu lenye magurudumu ya kukanyaga mawe. Kwa kawaida wanawake walibaki. Siku ile wageni walikuwa wengi, wakaombwa waende kusaidia kutandika. Walipoanza kushuka, jua lilishazama nyuma ya mlima.

Matiti ya mke yalikuwa yamejaa, mazito kama mawe, na blauzi ilishalowa pande zote mbili. Alikuwa akimsikia mwanawe kichwani, analia.

Kufika bondeni wakakuta njia imegeuka uji wa tope. Dereva akasimamisha gari, akachukua fimbo, akashuka kupima. Ndivyo alivyofanya siku zote. Hupunguza upepo magurudumuni, hulitembea tope lote kwa miguu, ndipo hupita katikati, polepole, gari likichafuka mpaka vioo. Wenzake walizungukia kwenye majani. Yeye hakuzunguka. Alisema kila anayekwepa tope anafungua njia nyingine, na majani yale ya bondeni yakishachanika hayajui kurudi.

"Kaka," Chiriku akasema dirishani, "hili gari unaliendesha au unaliposa?"

Dereva akacheka, akaendelea kupima. Mke hakucheka. Akatoa kichwa nje.

"Baba watoto, pita pale pembeni. Pamekauka. Mtoto ana njaa."

Dereva akamtazama. Akaiona blauzi. Akarudi ndani, akakata usukani kuelekea kwenye majani.

Juu palikuwa pamekauka. Chini palikuwa na maji.

Kwanza ilisikika sauti. Kama shuka jipya linapochanwa... taratibu... kutoka pindo hadi pindo. Gari likazama. Magurudumu yakazunguka bure, udongo mweusi ukaruka hadi kwenye vioo. Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya tope. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga aliyetoka kuamka.

Mke aliijua.

Walishuka kusukuma, yeye na wifi yake, wakasukuma hadi Chiriku akaishiwa maneno. Hapo ndipo mke alipoona mikono mingine miwili imeshika gari, kando ya mikono yake. Alikuwa mwanamke, miguu mitupu, nguo zimemlowa hadi kifuani. Hakusalimia. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakitandika chini ya gurudumu kwa upole, kama mtu anayemtandikia mgeni. Gurudumu likakikanyaga kitambaa, gari likatoka.

Mke akarudi kumshukuru. Alimkuta amepiga magoti penye ule mfereji uliochimbwa na gurudumu, anaupigapiga udongo kwa kiganja.

Pa... pa... pa...

Vile mtoto anavyobembelezwa mgongoni.

"Alikuwa amelala," mwanamke akanong'ona.

"Nani, dada?"

Kiganja hakikusimama.

"Wako naye amelala?"

Mke alikimbilia garini.

Nyumbani, mtoto hakuwa analia. Alikuwa macho. Mama mkwe akaeleza kwamba alishtuka ghafla wakati wa magharibi, kama aliyeamshwa na kishindo, na tangu hapo hajafumba jicho. Alinyonya huku akitazama dari. Usiku ule hakulala. Uliofuata hakulala. Muuguzi alimpima akasema hana homa wala uvimbe, lakini mashavu yake yalianza kuingia ndani. Alilazwa kifudifudi, macho wazi, kiganja chake kikigonga godoro.

Pa... pa... pa...

Mama mkwe alimbeba, akamwimbia, akawasihi wazazi wapumzike. Dereva akamwambia mama yake kwamba kosa lilikuwa lake, alikuwa na haraka zake akapita kwenye majani. Mke alikuwa amesimama palepale. Alingoja mumewe ageuke, amtazame hata kwa jicho la lawama. Hakugeuka. Alikuwa anakunja nepi za mtoto.

Asubuhi mama mkwe alikuwa akimwogesha mjukuu wake. Akasita. Akauliza, bila kumgombeza mtu, ni nani aliyempeleka mtoto kuchezea udongo.

Chini ya kucha zake kulikuwa na tope. Jeusi. Kwenye moja kulinasa unyasi mbichi.

Mke akasema wanarudi bondeni. Dereva akaazima koleo. Chiriku akafuata. Gari waliliacha mbali, kwenye njia, wakaenda kwa miguu.

Mfereji mmoja ulikuwa umeanza kufukiwa. Vipande vya majani vilikuwa vimerudishwa kimoja kimoja, kwa subira, udongo ukashindiliwa kwa mikono. Alama za viganja zilijaa kila mahali.

Zilikuwa ndogo. Za mtoto ambaye hajajua hata kukaa.

Mke akaanguka magotini. Koleo hakuligusa. Alirudisha udongo kwa mikono yake, mizizi chini, majani juu. Dereva alichota maji, Chiriku akabeba mabonge ya majani kifuani bila utani hata mmoja. Jioni ilipoingia, kucha za mke zilikuwa zimevunjika.

"Ni mimi," akaiambia ardhi, kwa sauti ambayo mumewe aliisikia. "Yeye hakutaka. Mimi ndiye niliyesema tupite."

Dereva akajibu taratibu kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake. Hilo ndilo lililomliza. Akaendelea kupigapiga, machozi yakidondokea kwenye majani.

Pa... pa...

Chini ya kiganja chake, udongo ukainuka. Kidogo sana. Ukashuka.

Ukainuka tena.

Kisha pumzi ya baridi ikampita shingoni.

"Polepole sasa. Anasinzia."

Dereva na Chiriku walikuwa mbele yake, wote wawili. Hakugeuka.

Mama mkwe aliwapokea mlangoni, kidole mdomoni. Mtoto alikuwa amelala. Mke akakaa chini kando ya godoro hadi alfajiri, akisikiliza. Mtoto alipumua vizuri, bila kukwama. Ila alipumua polepole mno kwa umri wake, akipanda na kushuka kama ile ardhi ya bondeni, na mama yake hakuthubutu kumgusa.

Mwaka uliofuata dereva aliacha kazi ya kambini, akaajiriwa kuendesha gari la mikate mjini, kwenye lami, asikanyage majani tena.