Anayegonga Chini ya Msumeno

Jioni ile nilitumwa betri tu.

"Dogo, kimbia," kaka Saulo aliniambia. Alikuwa amekaa mlangoni, kiganja kimebana sikio la kulia. "Redio ikizima kabla hujarudi, mi sijui."

"Si ulale tu, braza?"

"Nilale na nani? Na yeye? Kimbia, Kasian!"

Aliponiita jina nikajua hatanii. Nikakimbia.

Tulikuwa tunaishi msituni, nje ya Mafinga, kwenye kibanda cha mabanzi karibu na dingdong. Kama hujawahi kuiona, dingdong ni mashine ya kupasulia mbao. Injini ya dizeli, msumeno wa duara mkubwa kuliko meza, inafungwa hukohuko mipaini inapoangushwa. Ikinguruma unaisikia mpaka kwenye meno. Saulo ndo alikuwa opereta. Mimi niliacha shule form two, nikamfuata, nikawa nabeba mbao.

Hakuna aliyevaa vifaa vya kuziba masikio. Tulikuwa tunachana sponji la godoro, tunalisokomeza. Likidondoka, unapiga kazi hivyohivyo. Ndo maana wote tulikuwa na ile kitu. Mashine ikizimwa, kichwani inabaki inalia.

Nziiiiiiii...

Tuliiita mbu. "Oya, mbu wangu leo kachachamaa!" Tunacheka, tunakunywa chai.

Ya Saulo haikuwa mbu tena.

Ya Saulo ilikuwa inagonga.

Inabidi nikwambie kuhusu Budeba. Msukuma mmoja, jitu la miraba minne, kwao wafugaji kule Usangu. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye shimo chini ya msumeno na kutoa vumbi la mbao likijaa. Na pale kwetu kulikuwa na utaratibu: opereta hawashi mashine kabla hajagonga. Anapiga spana kwenye chuma. Ngo, ngo, ngo. Kama kuna mtu shimoni, na yeye anagonga kujibu kwa spana yake; ya Budeba ilikuwa na mpira mwekundu kwenye mpini. Ikiwa kimya, unawasha.

Siku moja Saulo aligonga. Akategesha sikio. Akasikia mbu wake tu.

Akawasha.

Kwanza msumeno ulikwama kidogo, kama umekutana na fundo la gogo. Halafu ukapita. Vumbi likaanza kuruka jekundu. Likatupiga usoni, bichi, la moto. Nililamba midomo kabla sijajua ni nini kile. Kilikuwa na chumvi.

Budeba tulimtoa akiwa kwenye viroba.

Mkono wa kulia haukuonekana. Ule ulioshika spana. Tulipekua shimo lote, mkono hamna, spana hamna. Ndugu zake walipokuja kumchukua, mzee mmoja aligeuka akatutazama, mmoja mmoja. "Mkono wa mtoto wetu umebaki kwenu," alisema. "Utawaita." Wakapanda gari wakaondoka.

Watu walisema Budeba hakujibu, amejitakia. Ila mama Severina, anayetuuzia chai na viazi, alinivuta pembeni.

"Aligonga, mwanangu. Mimi nilimsikia. Nimepiga kelele mpaka koo limekauka, kaka yako wala hakugeuka."

Sikumwambia Saulo. Haikuwa na haja. Alikuwa ameshaanza kusikia.

Asubuhi moja nilimkuta amechomeka spoku ya baiskeli sikioni. Damu inachirizika shingoni, na bado anasukuma. Anasukuma huku anatabasamu, kama mtu anayekuna mahali panapowasha. Nilimpiga ngumi ya uso ndo akaiachia. Nikamburuta zahanati.

Nesi Devota alimsafisha huku anafoka. "Mnajiua wenyewe nyie! Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vya kusikilizia. Kelele zenu zinaviua, na vikifa havioti tena. Ndo hapo ubongo unaanza kujitengenezea sauti. Hakuna mtu anayegonga."

"Yupo," Saulo alisema.

"Kaka yangu, nisikilize. Usichokonoe, usimimine mafuta, usimimine kitu chochote. Pombe acha. Mashine kaa nayo mbali, na ukiisogelea ziba masikio na kitu cha maana. Na usikae kwenye ukimya. Ukimya ndo unaiamsha. Washa redio kwa chini, mchana na usiku."

Na kweli, redio ilisaidia. Matangazo ya vifo, mpira, kwaya, chochote. Saulo akaanza kula. Akaanza kulala. Mimi nilichokuwa nataka duniani ni kimoja tu: ile redio isizime.

Sasa narudi na betri, ukungu umeshashuka, baridi inakata. Nikafika kwenye kona ambayo huwa naanza kuisikia redio.

Kimya.

Kibandani hamna mtu. Redio iko kitandani, imekufa. Nje nikasikia harufu. Moshi wa mpaini... na ndani yake harufu nyingine. Kama ngozi ya nguruwe ikibabuliwa.

"Saulo!"

Nikamwona. Yuko juu ya lundo.

Vumbi lote la mbao tunalimwaga sehemu moja. Miaka na miaka. Lundo limekuwa refu kuliko nyumba, na ndani linawaka. Huoni moto. Juu baridi, unaweza ukalala. Chini ni makaa matupu. Ng'ombe aliwahi kupanda pale akazama mzimamzima. Hakuna anayelikanyaga, hata mlevi.

Kaka yangu alikuwa juu, amepiga magoti, anachimba kwa mikono.

"Shuka! Saulo, shuka!"

"Uko huku, dogo." Alinong'ona tu, ila nilimsikia. "Mkono. Tuliumwaga na vumbi. Nikiupata naupeleka kwao Usangu, anyamaze."

"Nimeleta betri! Ona, betri hizi hapa! Njoo tuwashe redio!"

Akageuka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Kucha hazipo. Na hakuwa anaumia, huo uso sitausahau.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza.

Ngo...

Haikuwa masikioni. Ilipanda kutoka ardhini, ikapita kwenye miguu yangu.

Ngo... ngo...

Saulo akacheka kama mtoto. Akakunja ngumi, akapiga vumbi. Akajibu.

Lundo likafunguka.

Alizama mpaka kifuani. Cheche zikaruka, na yeye akapiga ukelele mpaka ndege wote wakatoka kwenye mipaini. Nikachukua mnyororo wa kuvutia magogo, nikalala kifudifudi pembeni, nikamrushia. Akaushika. Nikavuta. Akaja kidogo.

Halafu akarudi.

Hakuteleza. Alivutwa.

Nikavuta tena, visigino nimevizika kwenye tope, mnyororo unanichana viganja. Huku mimi, kule mwingine. Na huyo mwingine alikuwa na nguvu za kubeba magogo. Nilimtukana. Nilimtukania mama yake. Nilimwambia, Budeba, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, niachie! Mama Severina akatokea na ndoo, akamwaga maji kwenye lundo, mvuke ukatuchoma wote wawili. Akashika mnyororo nyuma yangu. Tukavuta pamoja.

Akatoka ghafla, kama jino.

Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mkaa. Nyama imeachia mifupa. Ila kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa na alama, zimezama mpaka ndani. Nne upande huu. Moja upande ule.

"Usiangalie, mwanangu," mama Severina alisema, akafunika mguu na kitenge chake.

Tulimpandisha kwenye fuso la kubebea mbao. Hakufika hospitali. Kabla hajakata roho alinivuta sikio mpaka mdomoni kwake.

"Leo nimemjibu, dogo."

Devota aliniambia ngozi ikiungua inajikunja, inaweza kufanya umbo lolote. Akasema vumbi likiungua chini linabomoka, linamfyonza mtu, unaweza ukadhani anavutwa. Sawa. Mimi sio daktari. Lakini mama Severina aliuvuta ule mnyororo na mimi. Hajawahi kuja tena kuuza chai jioni. Jua likianza tu kuegemea, anafunga vyombo anasepa.

Na mimi wakanipa spana ya Saulo, niwe opereta.

Asubuhi ya kwanza niligonga, ngo ngo ngo, nikategesha. Mlio ukarudi.

Ngo, ngo, ngo.

Nikaangalia shimoni. Hamna mtu. Nikagonga tena. Nikajibiwa tena. Sikuwasha. Kesho yake hivyohivyo. Inawezekana ni vinyweleo vyangu tu vimekufa. Lakini utajuaje? Saulo alisikia kimya na chini kulikuwa na mtu.

Tajiri, mwenye mashine, akachoka. Akaleta opereta mpya kutoka Chimala, Crispin, mdomo mrefu, kofia ya kapelo kaigeuza nyuma.

"Nasikia hapa kuna msela anaogopa mbao!" Watu wakacheka. "Lete spana, mtoto wa mama. Nenda kapike chai."

"Hesabu watu kwanza, bro."

"Ahaa, mwalimu wa zamu!" Ila alihesabu. Wote tulikuwa juu. Hata mama Severina na birika lake.

Akagonga.

Ngo, ngo, ngo, mlio ukajibu kutoka chini.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia nini?"

Nikamkamata mkono. Akanisukuma, nikaangukia mabanzi. Akawasha.

Msumeno ulianza vizuri. Halafu ukakwama kidogo. Kama umekutana na fundo. Na hapakuwa na gogo mezani.

Vumbi likaruka.

Jekundu.

Lilimpiga Crispin usoni, kifuani, kwenye ile kapelo yake. Akazima mashine. Tukaruka shimoni wote, tukapekua kwa mikono. Hakukuwa na mtu, wala kipande cha mtu. Kulikuwa na spana tu. Ya Budeba, ile yenye mpira mwekundu kwenye mpini. Na ilikuwa ya moto.

Tajiri akasema ni kutu. Maji ya kutu yametoka kwenye bomba la injini. Wote tukaitikia, ndio bosi, kutu.

Crispin alikuwa amekaa juu ya gogo. Alijifuta mdomo. Akalamba midomo. Halafu taratibu akainua kiganja, akabana sikio la kulia.

"Kasian," akaniita, sauti ndogo. "Nani anagonga?"



Nilienda kibandani, nikamletea redio.