Mkono Mgongoni

Foleni ya kliniki ya macho ilikuwa imefika mlangoni na kila mtu amenuna, mpaka alipoingia kijana mmoja mrefu, kavaa kaptura nyeusi ya kubana na kofia ngumu ya baiskeli. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi. Bibi mmoja kwenye benchi alimtazama toka juu hadi chini.

"Mwanangu, suruali umeisahau wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, na kwa kucheka kule wakamruhusu apite mbele.

Mpima macho alikuwa msichana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na hereni ndogo za lulu. Alimwinua kidevu, akamtoa mdudu jichoni kwa ncha ya pamba.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Mlimani. Nilikuwa nashuka na baiskeli, tukakutana uso kwa uso. Yeye hakupisha, na mimi sikupisha."

"Na miwani?"

"Sina, Daktari."

"Mimi si daktari. Napima macho."

"Basi nipime, Daktari. Tangu nimeingia humu naona mtu mmoja tu."

Msichana alijikaza asicheke, akashindwa. Kijana yule alikuwa fundi wa lifti, na jina la Daktari hakuliacha tena. Naye akabandikwa Kaptura. Haukupita muda mrefu, Daktari akanunua baiskeli ya mtumba, ya bluu, na kila Jumapili akawa anapanda barabara ya mlimani na kundi la Kaptura.

Barabara ile usione picha zake ukadanganyika. Ni kona baada ya kona kati ya mikaratusi, mji umebaki chini na mabati yake yanameremeta, na juu kabisa ukungu umelala barabarani. Anayeikanyaga haoni hayo, anaona lami na gurudumu lake. Kwenye kona ya mwisho, penye jiwe jeupe, Daktari alikuwa akiishiwa nguvu kabisa. Hapo Kaptura alisogea ubavuni, akamwekea kiganja katikati ya mgongo, akamsukuma huku akiendesha kwa mkono mmoja.

"Pumua, kipenzi. Nipo."

"Nitakufa."

"Kafie juu, kule kuna upepo."

Kila Jumapili walifika wa mwisho. Siku moja, akijaza maji chupa yake nyuma ya gari la kundi, Daktari alimsikia mwenzao mmoja akisema, "Kaptura huyu angekuwa bingwa. Lakini ndiyo hivyo, kabeba gunia."

Neno lile lilimchoma. Hakumwambia mtu. Akaanza kwenda mlimani peke yake alfajiri, kabla ya kazi. Mara ya kwanza alitapika, na kesho yake akarudi. Alitaka siku moja afike juu kwa nguvu zake mwenyewe, iwe zawadi kwa mpenzi wake. Kaptura akipiga simu, alijibiwa kwa kuhema.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

Ngazi gani, na Kaptura mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki akimsubiri? Alikata simu bila kumwambia alipokuwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wawili hawa kila mmoja alijifunika gubigubi.

Jumapili iliyofuata, kwenye jiwe jeupe, kiganja kilikuja mahali pake.

"Toa mkono," Daktari alisema kwa pumzi iliyobaki. "Leo sitaki."

Mkono ukatoka. Alikanyaga bila kutazama nyuma, akafika juu akicheka na kulia kwa pamoja. Alipogeuka amwonyeshe, barabara ilikuwa tupu. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nimeshuka. Nimekuelewa, Daktari. Aliyekupandisha ngazi akupandishe na mlima."

"Unasema nini wewe?"

"Wala usijisumbue."

Sentensi moja tu ingetosha. Lakini Daktari alikuwa ameachwa juu ya mlima siku ileile aliyoupanda kwa ajili ya mtu, na hasira zilimzidi. Akaapa hatapiga tena. Naye Kaptura hakupiga, akahama hata kundi. Kiburi cha watu wanaopendana ni kitu cha kijinga sana, na bado ndicho kinachoshinda.

Mwaka ukapita. Daktari hakuuacha mlima. Asubuhi moja, chini ya mikaratusi, aliona mbele yake mgongo anaoujua, unayumba, na mguu mmoja una kovu refu.

"Kaptura."

"Daktari." Hakushangaa sana. "Nilianguka kwenye shimo la lifti. Ndiyo kwanza narudi barabarani."

Wakapanda sambamba. Safari hii Daktari alieleza yote: gunia, alfajiri, zawadi.

"Ngazi zile zilikuwa huku?"

"Huku huku."

"Nilidhani una mtu."

"Nilikuwa naye. Aligeuza baiskeli."

Kwenye jiwe jeupe mguu mbovu ulimgomea Kaptura. Daktari alisogea ubavuni, akamwekea kiganja mgongoni. Fulana ilikuwa imelowa jasho, na joto lake lilikuwa lilelile. Alimpenda bado. Alikuwa akimpenda muda wote huo, na sasa hakuona sababu ya kujidanganya.

"Pumua," alisema. "Nipo."

Kaptura aliinua kichwa. Juu, kando ya gari dogo, msichana wa gauni la njano alikuwa ameshika taulo, anapunga mkono.

"Mchumba wangu," alisema taratibu. "Nimemwahidi nitafika mwenyewe." Kisha, bila kumtazama: "Toa mkono, Daktari. Tafadhali."

Aliutoa. Ulibaki hewani kidogo, hauna pa kwenda. Alimtazama akijikokota mpaka juu, akapokewa, akafungwa taulo shingoni kwa vicheko. Daktari angeweza kuimaliza kona ile huku anaimba. Aligeuza baiskeli akashuka. Miwani alikuwa ameivaa, lakini kwenye kona ya pili ilimbidi asimame afute macho, na hakukuwa na mdudu wa kumsingizia.