Nafuu ya Mtu Mmoja

Fundi alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati. Kutwa alipiga randa na kukata mbao, na vumbi liliingia kila mahali. Liliingia kwenye nywele, kwenye chai na kwenye kifua chake.

Kifua ndicho kilichomsumbua. Fundi alikuwa na pumu tangu utotoni. Mdogo wake wa kike naye alikuwa nayo. Mdogo huyo alikuwa mshonaji wa nguo. Aliishi mtaa wa pili na mumewe na binti yao. Watu walimwita Cherehani. Si kwa sababu alishona, bali kwa sababu akianza kusema, hakati uzi.

Ndugu hawa wawili walipewa inhela kwenye kliniki moja. Inhela ni dawa ya kuvuta kwa mdomo. Waliambiwa waivute kila siku, hata wakiwa wazima. Lakini waliivuta wakibanwa tu.

"Kuvuta dawa nikiumwa, sawa," Cherehani alisema. "Kuvuta wakati sina neno, huko si kuuita ugonjwa?"

Siku moja muuguzi aliyefanya kazi na watafiti aliwakusanya wagonjwa wa pumu. Wote walimwita Sista.

"Kuna kidonge kipya," Sista alisema. "Tunataka kujua kama kinasaidia. Bado hatujui. Watakaokubali kushiriki tutawagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja litapewa kidonge chenye dawa. Kundi la pili litapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kwa macho vinafanana kabisa. Hamtajua mmepata kipi. Mimi pia sitajua, wala daktari. Na kila mtu ataendelea na inhela yake. Hiyo msiiache. Asiyetaka, matibabu yake yatabaki vilevile."

Cherehani aliinuka. "Mimi si panya," alisema, akaenda zake.

Fundi alibaki. Maelezo aliyasikia, lakini hayakumkaa kichwani. Aliitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mteja anayeeleza kabati aliloliona ndotoni.

"Umeelewa, Fundi?" Sista aliuliza.

"Nimeelewa," alijibu, akasaini.

Kisha Sista alimwambia avute inhela mbele yake. Alimtazama, akatikisa kichwa.

"Fundi, hapo umevuta au umepuliza? Dawa yote imeishia kwenye ulimi. Toa pumzi kwanza. Fumba midomo vizuri. Bonyeza huku unavuta, taratibu. Sasa bana pumzi."

Kila Fundi alipokwenda kliniki, Sista alimtazama tena akivuta.

Haukupita muda mrefu, Fundi akapata nafuu. Alibeba mbao bila kusimama njiani. Alicheka bila kukohoa. Mkewe aliliona hilo.

"Baba watoto, umekuwa kijana," alimtania.

"Ni kidonge," Fundi alisema. "Nimepata chenyewe, chenye dawa."

"Si Sista alisema hamjui?"

"Mwili wangu unajua."

Siku ya pili yake Cherehani alikuja kumwona. Alikuwa akihema kwa shida, lakini maneno hayakupungua.

"Kaka, umenawiri. Unameza nini huko? Na mimi, au mimi si wa tumbo moja na wewe?"

Fundi alimtazama kifua kikipanda na kushuka. Aliingia ndani, akatoka na vidonge vyake. Alimmiminia nusu kiganjani.

Mkewe alisimama mlangoni. "Baba watoto, hiyo ni dawa ya mtu mmoja."

"Ni ndugu yangu. Nikae nimtazame tu?"

"Na ile inhela je?" Cherehani aliuliza.

"Mimi naivuta kila siku kwa sababu Sista ananisimamia," Fundi alisema. "Kazi yote inafanywa na hiki kidonge."

Cherehani alirudi nyumbani. Inhela aliitia kwenye droo ya cherehani yake. Siku za kwanza alijisikia vizuri. Alimpigia kaka yake simu. "Kaka, mimi mpya! Wifi ananionea kijicho bure!"

Kisha vumbi la vitambaa lilimzidi. Alikuwa akishona sare za shule mchana, mumewe akiwa uani. Mashine ilinyamaza. Mumewe aliingia akamkuta ameshika kingo za meza, midomo imebadilika rangi. Alipekua droo, akaipata inhela, akamwekea mdomoni. Cherehani hakuweza kuvuta. Hewa haikuingia. Majirani walimbeba mpaka hospitali. Walipofika mlangoni, alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi, mume wa Cherehani alimwita Fundi ndani ya nyumba yake. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vilivyobaki.

"Shemeji, hivi ni vya nini?"

Fundi angeweza kusema hajui. Hakusema hivyo. "Ni vyangu. Mimi nilimpa."

"Na inhela nani alimwambia aiache?"

Fundi alivitazama vidonge kwenye karatasi.

"Toka nyumbani kwangu," mwanamume yule alisema kwa sauti ndogo.

Fundi alikwenda kliniki. Alimweleza Sista kila kitu. Sista alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaza uso.

"Nilikwambia inhela haiachwi. Nilikwambia hata mimi sijui kidonge chako ni kipi."

"Ulisema. Mimi sikuelewa."

"Nilikuuliza umeelewa, ukajibu ndiyo. Nami nikaridhika na ndiyo yako." Sista alikaa kitako. "Nilipaswa kukwambia unieleze wewe, kwa maneno yako. Hapo nilikosea."

"Lakini mimi nilipona, Sista! Kidonge kilinisaidia. Kwa nini yeye hakikumsaidia?"

Sista alifikiri kwanza. Kisha aliuliza, "Mtu akikuletea vanishi mpya, akakwambia ni bora kuliko yako, utajuaje?"

"Nitaipaka kwenye ubao, niuache nje."

"Ubao usipopauka, utasema ni vanishi?"

"Hapana. Huenda ubao wenyewe ni mgumu. Huenda jua halikuwa kali. Nakata ubao mmoja vipande viwili. Kimoja napaka mpya, cha pili napaka ya zamani. Naviweka juani pamoja."

"Sasa binadamu hakatwi vipande viwili. Ndiyo maana tunatafuta watu wengi, na kura ndiyo inayowagawa. Wenye hali mbaya na wenye nafuu, wazee na vijana, wa kwenye vumbi na wasio kwenye vumbi, wanaangukia kila upande karibu sawasawa. Kisha tunalinganisha kundi kwa kundi. Habari za mtu mmoja hazituambii kitu."

"Na kile kisicho na dawa? Si kutuchezea?"

"Mtu akimeza kitu anachokiamini, anaweza kujisikia vizuri kwa muda. Tena aliye kwenye utafiti anaangaliwa zaidi. Wewe nilikufundisha inhela. Mvua nazo zilinyesha, vumbi likatulia. Sasa nafuu yako ilitoka wapi? Wewe unasema kwenye kidonge. Kundi la pili lipo kwa sababu hatuwezi kulichukua neno lako hivi hivi. Hata neno langu. Tusipojua nani amepata kipi, hatuwezi kupendelea."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nifute jina langu. Nimewaharibia kazi."

"Hatukufuti. Tutaandika ukweli, kwamba uligawa vidonge na yaliyotokea. Tukifuta kila habari mbaya, kidonge kitaonekana kizuri kuliko kilivyo. Halafu watapewa watu wengi mno."

Utafiti ulipokwisha, wagonjwa waliitwa kusikia matokeo. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu. Yalipata nafuu ileile. Kidonge kipya hakikuongeza kitu.

Kisha kila mtu aliambiwa alichokuwa akimeza.

"Chako hakikuwa na dawa," Sista alimwambia Fundi.

"Kumbe tumemeza unga!" mtu mmoja alisema nyuma, na baadhi yao wakacheka. Fundi hakucheka.

"Basi nini kilinisaidia mimi?"

"Kwa kuwa makundi yote yalipata nafuu, tunadhani ni inhela. Wote tuliwafundisha. Mliivuta kila siku, na mliivuta sawasawa."

"Yeye alikuwa nayo," Fundi alisema. "Ilikuwa ndani ya droo."



Tangu hapo kliniki ilibadili mambo. Kila mgonjwa wa pumu sasa huvuta inhela mbele ya muuguzi, awe kwenye utafiti au asiwe. Sista naye hamwulizi tena mtu kama ameelewa. Humwambia, "Nieleze wewe." Anayeshindwa kueleza hasaini mpaka aeleze.

Karakanani, Fundi hunyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, na hufunga kitambaa puani. Watu wapya wakija kujiunga na utafiti mwingine, yeye hukaa nao kwenye benchi na kuwasimulia alichokifanya. Hasemi kwamba utafiti ni mbaya. Husema, "Ukiwa na swali, uliza. Ukijisikia vibaya, sema. Ukitaka kutoka, toka. Lakini dawa yako usimpe mtu, hata umpende vipi. Na usijifanye kujua kilichomo."

Siku moja alikuwa kwenye benchi hilo aliposikia kikohozi anachokijua, kama cha mdogo wake. Mume wa Cherehani aliingia na binti yake. Mtoto naye kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Baba alimwona Fundi, akapita kama anapita kiti kitupu.

Sista alimpa mtoto inhela mpya, akamfundisha. Mtoto alivuta kwa pupa, akakohoa.

"Taratibu, mama," Fundi alisema, kabla hajajizuia. "Toa pumzi kwanza."

"Hivi, mjomba?"

"Hivyo hivyo. Sasa bana."

Baba wa mtoto alitazama ukuta. Walipotoka nje, alisimama mbele ya Fundi, lakini hakumtazama.

"Mimi hutoka kazini nimechelewa," alisema. "Kuna siku mtoto husahau. Atapita kwako akitoka shule, umwangalie akivuta."

"Sawa, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Binti hupita kila siku akitoka shule. Huvuta mbele ya mjomba wake, kisha hukimbia na wenzake mpaka mwisho wa mtaa, na harudi amebanwa. Jioni baba yake huja kumchukua. Hasogei mlangoni. Humsubiri ng'ambo ya barabara, amegeuza mgongo.