Skana Iliyozimwa Jikoni kwa Orval

Orval Tveit alikutwa chini ya ngazi ya ghala la chini ya nyumba yake, kichwa kwenye saruji, ndara moja mguuni na nyingine imebaki juu jikoni. Inspekta Carla Brandvold alichuchumaa, akamgusa shingoni kwa kutimiza utaratibu tu. Mzee alikuwa ameshapoa.

"Nani kamkuta?"

"Mwanawe, Darrel," alisema Konstebo Moen. "Yuko sebuleni. Sherifu anataka tumtie pingu sasa hivi. Jana waligombana mkahawani mbele ya watu, kisa mzee kakataa kuuza shamba."

"Kama kugombana na baba ni jinai, Moen, nusu ya jimbo hili la Dakota ya Kaskazini ingekuwa jela."

Moen alicheka, kisha akakumbuka maiti, akaziba mdomo kwa mkono.

Walipanda jikoni. Mlango wa ghala ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu ya ukutani, ile ya zamani yenye waya wa kujikunja. Sinki lilikuwa limejaa vyombo vichafu vya mgane asiye na haraka. Katikati ya uchafu wote huo, kikombe kimoja kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa.

"Alikuwa na mgeni," alisema Carla.

Dirishani, mbele ya kiti cha Orval, ilisimama skana yake ya mkononi, redio ya kunasia mawasiliano ya polisi, yenye antena fupi ya mpira. Ilikuwa kimya. Hapo Carla alishtuka kuliko alivyoshtushwa na maiti. Mji mzima wa Skarsbo ulijua kwamba Orval haizimi skana hata akienda msalani.

"Betri labda," alisema Moen, huku akipaka kitufe unga wa alama za vidole. Ilitokea nusu ya dole gumba, imefifia. Haikuwa ya Orval, lakini nusu ya dole haimfungi mtu.

Carla alizungusha kitufe. Skana iliamka mara moja, betri imejaa. Namba zikakimbia kwenye kioo kidogo. Ndivyo kifaa hicho kinavyofanya kazi: kinaruka kutoka masafa hadi masafa, na kikikuta mtu anaongea kinasimama, kinamsikiliza amalize, kisha kinaondoka tena. Mwenyewe anaweza kukiamuru kiruke asichokitaka. Orval alikuwa ameruka masafa ya treni na ya magari ya kuzoa theluji. Alikuwa amebakiza polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, yaani balaa tupu.

"Haikufa," alisema Carla. "Mtu kaizima."

Mlango uligongwa. Alikuwa Mavis Haugrud wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, koti limerushwa begani, mikononi amevaa glavu za jikoni na amebeba bakuli la nyama ya kusaga lililofunikwa viazi. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye utepe chini ya bakuli, ili lirudi kwa mwenyewe.

"Darrel, mwanangu, pole sana. Kula kidogo hata kama huwezi."

"Bibi Haugrud," aliita Carla. Mama huyu ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili, na kwake Carla hakuwahi kuwa inspekta. "Umejuaje upesi hivyo?"

"Skana, mwanangu. Hapa nani asiyesikia?"

Carla aliitikia kwa kichwa. Kwao, mtu akifa, bakuli hufika kabla ya mchungaji. Mavis alikuwa akivuka barabara kurudi kwake wakati gari la wagonjwa lilipokuwa ndiyo kwanza linaingia.

Kituoni, Darrel aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Jana ulimwambia nini baba yako?"

"Kwamba atazikwa na shamba lake."

"Maneno mazuri hayo kwa mtu aliyekufa leo."

"Unadhani sijui? Nilikwenda kumwomba radhi, Carla. Nimemkuta vile."

"Ukampigia nani?"

"Ninyi. Mara moja tu. Hata dada yangu sijamwambia."

"Ulikunywa kahawa?"

"Na nani? Na maiti?"

Mlangoni Sherifu alikuwa akitazama saa yake. Hati ya mashtaka ilikuwa imeshaandaliwa. Alitaka Darrel alale mahabusu ya wilaya, kisha jaji aseme lake. Carla aliomba muda kidogo. Kulikuwa na kitu kinamkereketa, na hakukijua.

Alikwenda chumba cha mawasiliano. Jolene, mpokea simu, alikuwa akila biskuti juu ya meza ya redio.

"Jolene, kifo cha Orval ulikitangaza vipi hewani?"

"Mimi? Nifukuzwe kazi? Nilikupigia wewe simu ya mkononi, na gari la wagonjwa vilevile. Maiti hatuitangazi hewani tangu ile ya kijana Corey. Si wewe uliyetunga amri hiyo?"

"Ni mimi."

"Mchana kutwa hewani kulikuwa na jambo moja tu, pikapu ya kijana wa Lorna Fetzer iliyopinduka kwenye barafu. Na mama yake ulikwenda kumwambia wewe mwenyewe."

Carla alisimama pale, akaona aibu. Yeye ni wa Skarsbo, na mambo mawili yalimpita mbele ya pua kwa sababu ni ya kila siku: jirani anasema kasikia kwenye skana, jirani analeta chakula. Mavis asingeweza kusikia kifo kile hewani. Na bakuli kama lile huokwa saa nzima. Lilikuwa limeingia ovenini kabla Darrel hajamkuta baba yake. Moyo ulimuuma, lakini alichukua kofia yake.

Mavis alifungua mlango kabla hajagonga. Kahawa ilikuwa tayari.

"Bibi Haugrud, naomba nione skana yako."

Mama aliweka birika mezani. Kisha akavuta droo ya chini kabisa, chini ya vitambaa vya mezani. Carla alifungua mgongo wa kifaa. Betri zilikuwa zimepasuka zamani na kutoa ukoko mweupe, zimegandana na chuma.

"Hii haijasema neno miaka miwili," alisema Carla.

"Tangu Corey."

"Nakuonya kwamba una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili."

"Kaa chini, mwanangu. Kunyamaza nimenyamaza vya kutosha." Mavis alikunja mikono juu ya meza. "Nilikuwa nakunja nguo za mwanangu Corey. Simu ikalia. Orval. 'Mavis, nimesikia kwenye skana, pole sana kwa kijana.' Nikamuuliza, pole ya nini?"

Carla alishindwa kumtazama. Siku ile yeye ndiye aliyefika baadaye kumpa habari, kofia mkononi, akamkuta mama ameshaketi sakafuni.

"Nilimsamehe kanisani mbele ya watu wote. Nikawa nampelekea mkate. Leo nikanywa naye kahawa. Ile skana ikasema pikapu nyekundu, barabara kuu, imepinduka. Akainuka kuelekea kwenye simu. 'Hiyo ni ya mtoto wa Lorna.' Nikamwambia, Orval, mwache mwanamke. Akasema, 'Watu wana haki ya kujua, Mavis.' Nikashika waya wa simu."

"Akavuta, akateleza."

"Usinisaidie, Carla. Nilimsukuma, kwa mikono miwili. Mlango wa ghala ulikuwa wazi na niliuona. Andika hivyo."

Carla aliandika hivyo.

"Skana ikaendelea kubwabwaja. Nikaizima. Nikaosha kikombe changu. Nilipofika nyumbani sikujua mikono hii niifanyie nini, nikawasha oveni."

"Ungebaki ndani, nisingekushuku."

"Na Darrel angekula nini?"

Carla alimpigia Moen simu amfungue Darrel. Kisha akamshikia mama koti, akamsubiri azime taa na jiko, maana nyumba haiachwi hivihivi. Mlangoni Mavis alisita.

"Kijana wa Lorna?"

"Mkono umevunjika. Yu hai."

"Na Lorna aliambiwa na nani?"

"Na mimi. Niligonga mlango, nikaingia, nikamketisha kwanza."

Mavis alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja hadi shingoni.

"Basi hakupigiwa simu," alisema, akatangulia kwenye theluji kuelekea garini.