Kiti cha Mbele Mnadani

"Dada, mimi ndiye niliyekiona kwanza."

"Kukiona si kukishika, kaka. Achia."

Kioo chekundu cha taa ya nyuma kilikuwa kimoja, na mikono iliyokivuta ilikuwa ya watu wawili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye gulio la vipuri vya magari ya kale, kusini mwa jiji la Phoenix, watu wamejaa mpaka vumbi limekosa pa kutua. Redio zilipiga muziki wa kila aina kwa pamoja, na moshi wa nyama ya kuchoma ulipita katikati ya meza za bampa na usukani kama nao una kitu cha kununua.

"Chako kinakwenda kwenye gari gani?" mwanaume akauliza, hajaachia.

"Impala ya marehemu baba yangu. Ya mwaka sitini na nne. Na wewe?"

"Gari la mteja."

"Basi mteja wako yuko hai, atasubiri."

Mwanaume akacheka mpaka mkono ukalegea wenyewe. Maricruz Ochoa akakikumbatia kile kioo kwenye blauzi yake ya manjano, ndipo akamtazama vizuri. Shati la mistari lililopigwa pasi ikakubali, ndevu zimechongwa, vidole vinanuka ngozi na gundi. Akajitambulisha: Rogelio Valdivia, fundi wa kushona viti vya magari. Akamnunulia kahawa na mkate mtamu wenye sukari ya waridi juu. Kabla jua halijawa kali alikwisha kujua kwamba Maricruz ana saluni yake, kwamba anaishi na mama yake mjane, na kwamba hapendi kuitwa mrembo na mtu asiyemfahamu.

"Nitakuita nini basi?"

"Jina langu lina kasoro gani?"

Ikawa hivyo. Kufika Novemba alikuwa akimwita Mari, na Mari aliitika.

Januari katika jiji lile ni mwezi wa minada. Mahema meupe hupandishwa kule Scottsdale, mji wa jirani, matajiri huteremka kutoka majimbo ya theluji, na magari ya kale hupitishwa jukwaani yakimetameta kama sahani za harusi. Anayejiandikisha kununua hupewa viti viwili karibu na jukwaa, kimoja chake na kimoja cha mtu wa kuketi naye. Wengine hukata tiketi ya kawaida, wakazunguka mahemani, kisha wakasimama nyuma ya kamba. Mwaka ule Rogelio alijiandikisha kwa mara ya kwanza. Alitaka pikapu ya zamani ya kuiegesha mbele ya karakana yake, watu wajue kazi yake kabla hawajaingia.

"Unakwenda nami, Mari?" alimuuliza kwenye simu.

"Uliza tena swali kama hilo, uone nitakavyokujibu."

"Basi twende, malkia wangu."

"Malkia anataka kujua tutaegesha wapi."

Tangu siku hiyo Maricruz ndiye aliyeshika mipango. Ijumaa watoke alfajiri, maana maegesho ya karibu hujaa mapema. Viatu vya kisigino avae wakati wa kukaa, vya chini viwe kwenye mkoba kwa ajili ya kuzunguka. Akamshonesha jirani gauni la kijani lililomkaa kiunoni bila kumbana. Waende misa ya Jumamosi jioni kwenye kanisa la karibu na mahema, ili Jumapili Mungu awe amekwisha kupewa haki yake. Chakula wabebe wenyewe, mikate ya maharage iliyofungwa vizuri, kwa sababu kule ndani wanauziwa watu wasiotazama bei.

"Umesahau mwavuli," Rogelio alimtania.

"Jangwani?"

"Wa kunifunika mimi, wasinione wanawake wengine."

"Wewe? Nitakuacha juani uchome, ndiyo dawa yako."

Walicheka hivyo kila jioni, simu imebanwa begani, Maricruz akifagia nywele sakafuni, Rogelio akivuta uzi. Usiku Maricruz alipiga magoti, akamaliza sala zake, na tabasamu lilikuwa bado halijamtoka.

Halafu, majuma matatu kabla ya mnada, simu ikaja na sauti nyingine.

"Mari, mpenzi wangu. Lile jina la mtu wa kuketi nami. Nimepeleka."

"Afadhali. Umeandika Ochoa sawasawa?"

Rogelio akakohoa.

"Rogelio?"

"Nimemwandika Mjomba Eusebio. Ndiye aliyenifundisha kazi, Mari, unajua. Amekuja karakanani, amekaa, akasema kwetu kijana anayenunua gari lake la kwanza mnadani huketi na mzee wake. Nimkatalieje? Wewe utaingia kwa tiketi ya kawaida, utatembea, utapiga picha. Mchana tutakutana tule."

"Tukutane tule."

"Ile mikate yako."

"Yaani mimi nije kuwalisha."

"Mari, usichukulie hivyo. Na kusema kweli wanawake wengi huchoka kule. Gari baada ya gari, kutwa nzima. Mimi nilidhani unakuja kwa ajili yangu."

Maricruz hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, ile ambayo wateja wake wangeisikia wangeondoka na rola za nywele kichwani: "Kaa na mjomba wako, Rogelio. Mpake na losheni, asiungue." Akakata.

Mwanaume yule hakujua alichokanyaga. Utotoni mwa Maricruz, kila Januari, baba yake na baba zake wadogo walikwenda mnadani. Yeye aliamka kabla yao, akavaa viatu, akasimama mlangoni. Baba akamshika kidevu: "Mwakani, binti yangu." Gari likaondoka limejaa wanaume na kicheko. Wanawake wakabaki jikoni kukanda unga na kufunga tamale katika maganda ya mahindi, sufuria zikitoa mvuke tangu asubuhi, ili wanaume wakirudi jioni, wananuka jua, wale na wasimulie. Maricruz aliyajua magari yote kwa kusimuliwa tu. Mwakani ikazaa mwakani nyingine, mpaka baba akafa Desemba moja na ahadi yake mdomoni. Hilo hakuwahi kumwambia Rogelio. Alitegemea mtu anayempenda ataliona mwenyewe, na hapo naye alikosea kidogo. Kidogo tu. Maana ahadi ilikwisha kutolewa, na ahadi ni ahadi mbele ya Mungu hata kama aliyepewa hakueleza kwa nini anaitaka.

Rogelio alipiga simu siku ile, alipiga na kesho yake. Hakupokelewa.

"Nimeshonesha gauni!" Maricruz alimwambia mama yake jikoni, akitembea huku na huku. "Nimetafuta kanisa! Nimetafuta mpaka mlango wenye kivuli! Halafu naambiwa nitachoka! Nani alimwambia mimi huchoka? Nasimama kwa miguu hii kutwa nzima nikisuka vichwa vya watu!"

Mama Elvira alikuwa akichambua maharage. Alikuwa mama mnyamavu, mwenye gauni la nyumbani na rozari mfukoni.

"Ni kweli amekosa," alisema. "Ila wewe baba yako alikuambia mwakani. Mimi hata hiyo mwakani sikuambiwa. Sikuwahi kuulizwa."

Maricruz akasimama. Miaka yote ile alikuwa amekasirika kwa niaba ya mtoto mmoja mlangoni, na nyuma ya mtoto yule, mikono imejaa unga, alikuwa amesimama mtu mwingine ambaye hakuna aliyemwona. Hata yeye hakumwona. Hasira yake, ambayo aliidhani imefika mwisho, ikapata mahali papya pa kukaa.

Kesho yake alifunga saluni mchana, akaenda benki, akaomba barua ya kumdhamini, akajiandikisha mnadani kwa simu kama mnunuzi. Kijana wa simu akamuuliza kama anajiandikisha kwa niaba ya mumewe.

"Mume yupi? Nitajie na mimi nimjue."

"Samahani, bibie. Na viti viwili. Cha pili ni cha nani?"

"Elvira Ochoa."

Jioni mama alishika mdomo. "Mnadani? Si kamari ile?"

"Ni soko, mama. Lina viti tu."

"Na magoti yangu?"

"Kiti kiko mbele. Utakaa."

Mama Elvira akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda akauliza: "Nitavaa nini?"

Jumamosi ya mwisho kabla ya mnada saluni ilijaa. Madraya yote ya kukaushia nywele yalikuwa yakivuma, Lorena, msaidizi wa Maricruz, anapaka rangi, na mwanamke mzee aliyeitwa Doña Chelo ameketi na rola kama amevaa taji. Mlango ukafunguliwa. Rogelio akaingia, kofia mkononi, shati limekunjamana kama lililolaliwa.

"Tumefunga kwa wanaume," Lorena akasema.

"Naomba dakika moja."

"Ameshakuwa na majuma," Doña Chelo akasema, akizima draya yake mwenyewe ili asikie.

Maricruz hakuacha kuchana. "Sema. Nina kazi."

"Nimejiondoa mnadani."

Kitana kikasimama.

"Nilipiga wabadilishe jina la Mjomba, wakasema jina likishaingia halitolewi. Ilibaki njia moja, nifute lililo langu, na lake likafuata. Mjomba amesema nimeoga maji ya sketi, eti natawaliwa na mwanamke. Hanisemeshi. Kwa hiyo sina kiti, sina pikapu, sina mjomba."

"Na mchumba?" Doña Chelo akauliza.

"Ndilo nililokuja kuuliza, mama."

"Unajua ulichokosa?" Maricruz akasema.

"Nimekunyima kiti."

"Hapana."

"Nimevunja ahadi."

"Hilo nalo limo. Bado."

Rogelio akatazama kofia yake, akaizungusha. Wanawake wote walikuwa wakimtazama kupitia kioo, na hakuna aliyemsaidia. Maricruz akaona akimwachia jioni itafika hajapata jibu, akamgeukia na kitana mkononi. Akamwambia yote. Viatu mlangoni, kidevu, tamale, mama yake na unga mpaka kwenye viwiko. Alipofika kwa mama yake sauti ikamkatika, akaikasirikia na sauti yenyewe.

"Ukasema nakuja kwa ajili yako! Mimi! Ungeniuliza tu, Rogelio. 'Mari, unapenda nini kule?' Maneno manne. Mjomba wako ulimsikiliza saa nzima!"

"Sikukuuliza," Rogelio akasema polepole. "Nilijijibu mwenyewe, nikaona inatosha."

"Sasa umefika," Doña Chelo akasema.

Rogelio akavuta pumzi. "Mari, unapenda nini kule?"

Swali lilimkuta hajajiandaa. "Sijui," akasema. "Sijawahi kufika. Ndiyo nataka nikajue." Akajifuta shavu kwa mgongo wa mkono. "Nina viti viwili. Nimejiandikisha mwenyewe."

Uso wa Rogelio ukang'aa. "Basi hicho cha pili..."

"Kina mwenyewe. Mama."

Saluni nzima ikaangua kicheko, mpaka Lorena akapaka rangi sikio la mteja. Rogelio naye akacheka, kwa aibu, masikio yamemwiva.

"Haki kabisa. Nitakata tiketi ya kawaida, nisimame nyuma ya kamba."

"Na utatuendesha."

"Nitawaendesha."

"Na kikapu cha chakula utabeba wewe. Na utapika wewe."

"Nitapika."

"Sijakusamehe bado."

"Najua. Nitabeba hivyohivyo, sijasamehewa."

Ijumaa alfajiri alikuja mlangoni kabla ya jogoo wa jirani. Kikapu kilikuwa na tamale alizozifunga mwenyewe, nyingine zimefunguka, nyingine hazikuwa na kitu ndani. Mama Elvira akaonja moja ndani ya gari, akatafuna muda mrefu. "Umejitahidi, mwanangu," akasema, akafungua dirisha.

Mnadani watu walikuwa wengi kuliko sikukuu. Dalali alitaja bei kwa kasi ya mtu anayesali rozari akiwa amechelewa, vijana wake wakiruka na kupiga yowe kila mkono ulipoinuka. Maricruz, katika gauni la kijani, aliketi mstari wa tatu. Kila gari lililoingia lilikuwa lile alilosimuliwa, ila kubwa zaidi, lenye harufu ya petroli na nta, na mngurumo uliopanda kupitia kiti mpaka kifuani. Akalia bila kujificha. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miwani puani, hapepesi macho.

"Mama, twende tukapunge upepo kidogo?"

"Nenda wewe. Mimi sitoki hapa."

Maricruz akaenda mpaka kwenye kamba. Rogelio alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, amebanwa na watu, kikapu kichwani ili kisikanyagwe.

"Unapenda nini?" akamuuliza.

"Sauti," Maricruz akasema. "Hawakuwahi kunisimulia sauti. Nawakasirikia upya, wote, na baba yangu Mungu amrehemu."

"Na mimi?"

"Na wewe. Lakini wewe umepunguziwa."

Rogelio akateremsha kikapu, akakibana katikati ya miguu. "Mari, nina swali lingine. Utanioa?"

"Mwanamke anaoa?"

"Ukitaka. Au uolewe nami. Chagua wewe."

"Unaniuliza hapa? Kamba katikati, watu wananusa tamale zako?"

"Nimejifunza kwamba nisipouliza mapema naharibu."

"Na Mjomba Eusebio?"

"Ataalikwa. Kiti chake kitakuwa nyuma ya mama yako."

"Januari hubaki mtu jikoni?"

"Habaki mtu. Tutakula mikate baridi."

Maricruz alifungua mdomo ajibu, na palepale, kutoka mstari wa tatu, Mama Elvira, aliyekuwa hajawahi kumkemea mtu hadharani maisha yake yote, akageuka kitini.

"Nyie wawili huko! Nyamazeni, gari linaingia!"

Vichwa vikageuka. Rogelio akauma mdomo. Maricruz akainama juu ya kamba mpaka shavu lake likagusa ndevu zake, na kwa kuwa mama yake alikuwa bado anawatazama kwa jicho kali, ndiyo yake aliisema kwa kunong'ona.